Kunusa Tu

Kwenye kiwanda cha mikate walimwita Pua, na mume wangu alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na mama yake. Wenzake walitazama saa kujua kama unga umeumuka. Yeye aliinama juu ya karai, akavuta pumzi kwa nguvu, akasema, "Bado kidogo," na kweli ikawa bado kidogo. Barakoa walipewa. Alikuwa akiishusha kidevuni kila alipofika kwenye karai, maana pua iliyofunikwa ingemwambia nini?

Pumu ikamwingia utu uzimani. Siku za mapumziko alipumua vizuri. Akirudi kazini tu, kifua kinapiga filimbi. Daktari hakumung'unya maneno: "Unga ndio unaokuumiza. Achana nao kabla haujakumaliza."

Akaacha. Nilifurahi, wala sioni haya kusema. Alilala fofofo. Tulipopanda ngazi alinitania, "Mama watoto, mbona unahema? Nikuazime dawa yangu ya kuvuta?" Lakini mchana nilimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani, hana kazi wala jina. Iliniuma.

Ndipo akaja msimamizi wake, mpole ghafla.

"Shemeji, mikate inatuharibikia, wateja wanatukimbia. Mruhusu aje mara moja. Hatagusa kitu. Anuse tu."

"Akanuse kifo?" nikafoka. "Haendi mtu hapa!"

Lakini Pua alishasimama, uso umemchangamka kama bwana harusi. "Mke wangu, kunusa tu. Naenda na kurudi." Akagonga mfuko kunionyesha kwamba dawa anayo. Nilinuna, huku namfunga vifungo vya shati.

Wenzake walinisimulia baadaye, hawathubutu kunitazama. Aliinama kwenye karai la kwanza, akawaambia hamira imezidi. Akaenda la pili. Kwenye la tatu kifua kikambana. Alivuta dawa, akavuta tena, haikufua dafu. Nao, kwa kumhurumia, wakamkalisha palepale juu ya magunia ya unga apumzike. Magunia ya unga, jamani! Mlango ulikuwa hatua chache tu, na nje kulikuwa na hewa.

Msibani kiwanda kilileta mikate. Ilikuwa laini, imeumuka vizuri, na watu waliisifia. Mama mkwe alipewa kipande chake. Kabla ya kukila alikipeleka puani, akavuta pumzi kama alivyokuwa akifanya mwanawe. Nilimpokonya kile kipande mkononi, mama wa watu, kisha nikamwangukia kifuani tukalia.