Simu Ndani ya Sufuria

Kichwa cha mshona nguo kilikuwa kikimgonga upande wa kushoto, na mkewe tayari alishamjua mchawi.

"Simu hiyo! Inakupikia ubongo polepole, mume wangu, kama maharage."

"Binti yetu ana mimba ya mwezi wa tisa. Uchungu ukimshika apige wapi, kwenye pasi?"

Mama wa watu alikuwa amesikia kwamba chuma huzuia mawimbi, basi akaitumbukiza simu kwenye sufuria, akafunika, na juu ya kifuniko akaweka hiyo hiyo pasi ya mkaa. "Twende kwanza hospitali. Daktari akisema haina kosa, nitaifunua mwenyewe."

Wakaenda. Njia nzima moyo wa mzee ulibaki sufuriani.

Daktari, mwanamke kijana wa sauti ya taratibu, aliwasikiliza mpaka mwisho. "Mawimbi ya simu na ubongo, mama, wataalamu bado wanayachunguza. Yanaweza kupasha mwili joto kidogo sana. Kwamba yanaleta ugonjwa, hilo halijathibitishwa. Lakini baba, hebu nionyeshe unavyoongea na simu."

Mshona nguo akachukua kisanduku chake cha miwani, akakibana kati ya sikio na bega la kushoto, na mikono, bila kuambiwa, ikaanza kusukuma kitambaa kisichokuwapo. Mguu nao ukakanyaga cherehani ya hewa.

Mkewe akashika mdomo. "Kumbe miaka yote hii unaongea huku unashona?"

"Sasa wateja wasubiri?"

Daktari akambonyeza shingo, mzee akaruka. "Maumivu yanaanzia hapa, baba. Weka simu mezani, fungua spika, shingo inyooke. Na mama, simu ikiwa mbali na kichwa, hata hayo mawimbi yanayokifikia yanapungua."

"Umesikia?" mama akasema barazani. "Nusu nilipatia."

"Na nusu iliyobaki iko kwenye sufuria."

Nyumbani wakafunua. Simu ikatetemeka, ujumbe juu ya ujumbe, kisha ikalia: mkwe wao, akihema. "Mlikuwa wapi jamani? Amejifungua salama! Mtoto wa kike!"

Bega la mzee likapanda lenyewe. Mkewe akalipiga kofi, akaiweka simu mezani katikati ya vipande vya nguo, akafungua spika. Kilio chembamba kikajaa chumba.

"Lia, bibi, lia," mzee akanong'ona, shingo imenyooka kama ya askari, mikono mitupu juu ya meza. "Leo wateja watasubiri."