Santuri Isiyo na Klarineti

Daktari wa meno ndiye aliyemfichua Mkaguzi. Alimvutia taa usoni, akamwambia afungue mdomo, akachungulia kitambo, kisha akauliza swali ambalo mtu aliyepanuliwa mdomo hawezi kulijibu.

"Unapiga klarineti?"

Mkaguzi akatoa sauti ya mbuzi. Daktari akaondoa kioo chake kidogo.

"Usishangae. Meno haya mawili ya mbele, ya juu, yamelika nchani kama kizingiti kilichokanyagwa na wapangaji wengi. Na mdomo wa chini, kwa ndani, una sugu. Mimi napiga selo, ile fidla kubwa ya kukalia, kwenye okestra ya mji, nawajua nyinyi. Umepiga muda gani?"

"Miaka ishirini na saba."

"Na nani?"

Hapo Mkaguzi aliona haya. Aliitazama dari, akatazama bomba la maji, mwisho akasema, "Na santuri."

Sokoni na madukani kote walimwita Mkaguzi, na hata wasiomjua sura walimjua kwa sanduku lake. Lilikuwa sanduku la mbao lenye mawe ya mizani ya shaba, kila jiwe limelala kwenye shimo lake la mahameli. Mawe yale hayashikwi kwa mkono, kwa kuwa jasho nalo lina uzito. Yanashikwa kwa koleo dogo, yanawekwa kwenye mizani ya mwenye duka, kisha mtu anangoja. Mshale unatetemeka, unakwenda huku, unarudi kule, na mkaguzi wa kweli hasemi neno mpaka utulie. Wako wenye haraka wanaoandika mshale ungali unacheza, na ndiyo maana kilo ya mtaa mmoja si kilo ya mtaa wa pili. Yeye hakuwa wa hao. Kungoja kulikuwa kazi yake, na baadaye kukawa tabia yake.

Klarineti, zumari la mbao nyeusi, aliipata kwa mpigaji mmoja wa bendi ya kiwanda cha saruji, aliyechoka na muziki akaenda kufuga nyuki. Noti alijifunza kwenye shule ya jioni ya watu wazima, kati ya somo la hesabu na somo la kuandika barua. Santuri ilikuja pamoja na klarineti. Ilikuwa ya konseto, na konseto, kwa asiyejua, ni muziki wa mtu mmoja mbele ya wengi: mmoja anasema, wengi wanaitikia, mara wanambishia, mara wanambeba mgongoni. Lakini santuri ile ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi. Okestra nzima ilikuwamo, fidla na filimbi na baragumu, ila klarineti haikuwamo. Mahali pake paliachwa wazi, kama kiti mezani kwa mtu aliyechelewa. Kila siku saa kumi na moja jioni Mkaguzi aliweka sindano, akaketi kwenye kiti kile, na kwa nusu saa akawa mtu mwingine katika nyumba nyingine, yenye madirisha marefu na sakafu isiyokuwa na mwisho.

"Sasa nisikilize," alisema daktari. "Meno haya mawili yanacheza. Nayapa miezi mitatu, minne nikijipendekeza kwako. Baadaye nitakuwekea ya bandia. Utakula vizuri na utacheka vizuri, ila kupiga utaanza upya kama mtoto anayejifunza kutambaa, na kwa umri wako..."

"Kwa umri wangu nini?"

"Kwa umri wako mimi ningepiga na watu kabla ya kung'olewa." Daktari alinawa mikono. "Konseto hiyohiyo unayoisema tunaipiga baada ya wiki tatu. Mpigaji wetu kahamia mji mwingine, katuachia waitikiaji arobaini na mmoja na hakuna wa kuitikiwa. Jumamosi asubuhi njoo bwalo la chuo cha ufundi. Ukikataa nayang'oa leo."

Alikuwa anatania, lakini Mkaguzi aliufunga mdomo haraka.

Jumamosi alifika mapema kuliko mwenye funguo. Bwalo lilinuka sabuni ya sakafu. Watu waliingia mmojammoja na makasha ya ala zao, ya ngozi na ya mbao, wakajivutia viti: mwuza vitabu, wauguzi wawili, fundi bomba mwenye baragumu, daktari na selo yake kubwa kama mgonjwa wa kubebwa. Mwongozaji wa okestra alikuwa mwanamama wa makamo, siku za kazi mwalimu wa hesabu, mwembamba, mwenye kijiti cha kuongozea alichokichomeka nyweleni hadi alipokihitaji.

"Karibu, mzee wangu," alimwambia. "Hapa hatuumani. Tukikosea tunarudia tu."

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Ni muziki wa mbio, na mbio hujisukuma zenyewe. Mkaguzi alipita humo kama mtu anayebebwa na umati, na alipomaliza wale wauguzi waligonga pinde zao kwenye stendi kumpongeza. Kisha ikaja ya pili, ile ya polepole.

Hii ndiyo aliyoijia. Nyingine mbili alizipenda kama mtu anavyopenda shemeji zake. Hii aliipenda mwenyewe. Klarineti inaanza karibu peke yake, sauti moja inayopanda taratibu kama moshi siku isiyo na upepo, na nyuzi, fidla na selo, zinaingia chini yake. Akapiga ile sauti ya kwanza. Kisha, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka ishirini na saba, akatega sikio ili awafuate.

Nao, ambao kazi yao ilikuwa kumfuata yeye, wakatega la kwao.

Akapunguza mwendo kidogo ili wamkute. Wakapunguza ili wasimpite. Akapunguza tena. Ikawa kama watu wawili wenye adabu mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia, tangulia wewe, bila wewe siingii. Muziki ukazidi kuwa mzito, pinde zikatambaa, mpiga filimbi akaishiwa pumzi akawa mwekundu, na mwisho konseto nzima ikasimama katikati ya bwalo, kimya, kama saa iliyosahauliwa kutiwa ufunguo.

"Mzee wangu," mwongozaji alisema, "unamngoja nani?"

"Nawangoja nyinyi, mwalimu."

"Na sisi tunakungoja wewe."

"Basi nyinyi tangulieni tu, msijali. Mimi nitawafuata."

Bwalo likacheka, si kwa ubaya. Fundi bomba akafuta baragumu lake akasema, "Kwa mwendo huu tamasha tutalimaliza mwakani, tuje na mito."

Walijaribu mara tatu. Mara ya tatu mwongozaji alikirudisha kijiti nyweleni, akaja hadi penye kiti chake akasema kwa sauti ya chini, "Una sauti nzuri, sikufichi. Lakini unapiga kama mgeni anayeomba ruhusa. Jumamosi ijayo tujaribu tena. Ikigoma, tutapiga ya kwanza na ya tatu, hii ya katikati tutairuka. Afadhali pungufu kuliko aibu."

Kuiruka! Ilikuwa sawa na kumkaribisha mtu mezani, ukampa kijiko na kitambaa cha kufutia mikono, chakula ukakiacha jikoni. Na miezi mitatu haina marudio.

Nyumbani, mkewe alikuwa akishona. Yeye alikuwa fundi wa mapazia, na mapazia ya watu yalining'inia nyumba nzima, kwenye kamba, kwenye milango, juu ya kabati: ya kijani ya nyumba ya hakimu, meupe ya zahanati, mengine ya rangi ambayo jina lake alilijua mwenyewe aliyeagiza. Upepo ukiingia yalituna yote pamoja, na mtu aliyekaa sebuleni alihisi nyumba inavuta pumzi. Mkaguzi alipita kati yake akaketi.

"Waliipenda?" mkewe aliuliza kutoka upande wa pili wa pazia, mguu ukiendesha cherehani.

"Wananingoja."

"Si heshima hiyo?"

"Mama watoto, mimi sijui kungojwa. Nikitokea sokoni watu hawaningoji, wanafunga maduka."

Mkewe alicheka hadi uzi ukamponyoka. Mkaguzi, kwa kuwa hakujua dawa nyingine, aliirudia ileile: akaitoa santuri, akaipangusa, akaweka sindano. Okestra ya sahani ikaanza, ikamtangulia, ikampa nafasi yake iliyopimwa. Akaifuata bila kukosea hata mahali pamoja. Siku ya pili hivyohivyo, siku ya tatu hivyohivyo. Bendera ilikuwa inazidi kuwa hodari wa kufuata upepo.

Siku ya nne, katikati ya sehemu ya polepole, pazia lilifunuliwa na mkono wa mkewe ukainua sindano.

Mkaguzi akanyamaza papo hapo, kama aliyekatiwa maji.

"Mbona umeacha?" mkewe aliuliza.

"Wewe ndiye umeacha. Umeniondolea watu."

"Endelea."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akarudi kwenye cherehani lake, pazia likaanguka nyuma yake. Kisha kutoka humo ikatoka sauti ya mama mtu mzima anayeimba puani. Mkaguzi alidhani anatania. Halafu akatambua: zilikuwa fidla. Baada yake baragumu, chini kidogo, pale hasa mahali pake. Halafu fidla tena. Aliimba hata ule myumbo wa santuri iliyopinda kwa joto, akidhani mtunzi ndivyo alivyotaka. Okestra nzima ilikuwa kichwani mwake, imeshonwa humo pindo kwa pindo.

"Miaka yote hii ulikuwa unasikiliza?"

"Nisisikilize, masikio nimeazima? Piga, bwana."

Alipiga. Sauti ilipanda, na fidla za nyuma ya pazia zikaingia. Akakawia kidogo juu, kwa kukosea tu. Mkewe naye akakawia, na mguu juu ya cherehani ukakawia. Mkaguzi akakawia tena, safari hii makusudi. Cherehani likasubiri. Akaharakisha, likaharakisha, likanguruma.

"Taratibu, baba watoto, utanikatia uzi!"

Lakini hakuweza kuacha. Alishusha sauti hadi ikawa kama pumzi kwenye kioo, na mapazia, aliapa baadaye, yaliacha kutikisika. Kulikuwa na mtu nyuma ya kila pumzi yake. Popote alipogeuka, kuna aliyegeuka naye. Alifurahi, na humohumo ndani ya furaha aliogopa, kwa sababu asiyekuwa na wa kumfuata hana pa kuwekea kosa lake isipokuwa mkononi mwake.

"Kwa nini hukuniambia siku zote kuwa unaijua?" aliuliza walipomaliza.

"Ulikuwa unazungumza na santuri. Mimi nani nikudakize?"

Mkaguzi alivuta kiti chake akakiweka upande ule mwingine wa pazia, karibu na cherehani, na siku zilizobaki alipigia hapo. Gramafoni ilifunikwa kitambaa cheupe cha zahanati.

Jumamosi ile sehemu ya polepole ilipita. Haikuwa tamu yote, penye mlango mmoja waligongana tena, na mwongozaji akasema, "Inatembea, ila inachechemea." Hakuiruka.

Tamasha lilikuwa Jumapili alasiri, jua limeingia bwaloni kwa madirisha ya upande mmoja na kulala juu ya magoti ya watu. Sehemu ya kwanza ilikwenda mbio zake. Kisha mwongozaji akamtazama, na Mkaguzi akatangulia. Hakuingia kama anayeomba ruhusa. Aliufungua mlango na kuushikilia wazi, na watu arobaini na mmoja wakaingia nyuma yake, wote, hata selo.

Karibu na mwisho wa sehemu ile kuna mahali ambapo okestra inaweka sauti moja na kunyamaza, klarineti inazungumza peke yake, halafu wimbo wa mwanzo unarudi. Kwenye santuri nafasi hiyo ilikuwa na kipimo chake. Ukimaliza, ukichelewa, okestra ilirudi tu, ikakukanyaga maneno mdomoni. Miaka ishirini na saba alikuwa amepunguza aliyokuwa nayo ya kusema ili yaenee humo, mpaka akasahau kwamba yalikuwa mengi.

Aliyasema yote. Alishuka ngazi yake ya mwisho, polepole, jino moja likimsogea chini ya mdomo wa klarineti, na akaiacha sauti ya chini kabisa izimike yenyewe. Kwa mazoea masikio yake yalijiandaa kukanyagwa.

Hakuna aliyekuja.

Aliinua macho. Kijiti cha mwongozaji kilikuwa hewani, na macho yake kwa Mkaguzi. Upinde wa daktari ulikuwa juu ya uzi, umbali wa ukucha, hautikisiki. Mpiga filimbi alikuwa amejaza kifua, amekifunga. Wauguzi, fundi bomba, mwuza vitabu, wote walikuwa wameinamia mbele kidogo kama watu wanaochungulia kisima. Na nyuma yao ukumbi mzima, na safu ya tatu mkewe, mguu wake wa kulia umeinuka kisigino. Vumbi lilielea kwenye jua. Hakukuwa na mshale wa kutulia. Mshale alikuwa yeye.

Angeweza kuanza sasa hivi. Angeweza kuanza baadaye. Alikaa ndani ya kimya kile kidogo zaidi, bila woga na bila kiburi, kama mtu aliyefika kwake akaketi kizingitini kabla ya kuvua viatu, na hakuna hata mmoja aliyemkimbilia mbele.

Halafu akavuta pumzi, na ukumbi ukavuta naye. Alianza chini sana, hata waliokaa safu ya kwanza hawakujua sauti iliingia lini. Na nyuzi zikaja chini yake, zote pamoja, wala si kabla yake wala si baada.