Ubao Ulioachwa Ukutani

Fundi Iestyn aliposhika kekee ya kutobolea ukuta, Ifor aliingiwa na hofu. Alikuwa na miaka themanini na moja, na hofu ile alianza kuibeba akiwa na kumi na saba.

"Mzee, nyumba yako safi," Iestyn alisema, akichomoa kikamera kwenye tundu alilotoboa ukuta wa mbele. "Uwazi kati ya kuta mbili hauna hata kokoto. Tukijaza pamba ya kuzuia baridi humo leo, baridi kwaheri."

"Itaachaje kuwa safi?" Meinir alidakia dirishani. "Kaijenga mume wangu kwa mikono yake! Na Heulwen hapo jirani mlimjazia mwezi jana, anasema kichanga chake hata soksi hakivai."

Meinir hakuwa na wimbo mwingine zaidi ya mikono ya mumewe. Kanisani walishamchoka.

Ifor aliutazama ukuta wa magharibi, unaochapwa na mvua ya baharini. Nyuma ya ukuta huo kilikuwa chumba cha Lleucu, mjukuu wao wa miaka sita, ambaye kifua kilikuwa kimemlaza hospitali mara mbili tangu majani yaanze kupukutika. Kwa ajili yake walitaka nyumba ipate joto.

Ukuta ule Ifor aliujenga Ijumaa moja, akiwa kibarua wa miaka kumi na saba, huku akiwahi basi la kwenda kwenye mechi ya raga. Ndani ya uwazi mafundi walining'iniza ubao kwa kamba udake saruji inayodondoka, na kuupandisha kila baada ya safu chache. Kamba ilikatika, ubao ukanasa. Ifor akaendelea kupanga matofali, saruji ikirundikana juu yake. Msimamizi wa ujenzi alipouliza, alijibu ameshautoa.

Rundo lile sasa lilikuwa linavusha maji hadi ukuta wa ndani. Kilichoyakausha kidogo ni hewa iliyopita pale. Pamba ikiingia, unyevu wote ungebaki chumbani mwa mtoto. Lakini akisema, Meinir atamtazamaje? Aliogopa macho ya mkewe kuliko kaburi.

Mashine ya kupuliza pamba ikawashwa.

"Ngoja!" Ifor alipaza sauti, akionyesha ukuta wa magharibi. "Toboa kule."

"Mzee wangu, hapa panatosha."

"Nimesema toboa kule, bwana!"

Iestyn alitoboa huku akiguna. Kwenye kioo cha kamera ukatokea ubao mweusi, kamba bado imeufunga, na juu yake mlima wa saruji unaometameta kwa maji.

"Lo! Mshenzi gani alijenga hivi?"

"Mimi."

Meinir alikuwa ameshatoka nje, akifuta mikono kwa aproni. Ifor alimweleza yote, kuanzia lile basi hadi uongo wake. Alisubiri matusi.

"Lile doa la unyevu chumbani mwa Lleucu nimelipaka rangi kila mwaka," Meinir alisema polepole. "Nilidhani mimi ndiye sijui kufungua madirisha."

"Nisamehe."

"Nitaona. Kwanza nijibu. Ubao ulibaki humu. Wiki iliyofuata, mlipojenga hiyo nyumba anayokaa Heulwen sasa, mlitumia upi?"

Ifor aligeuka. Kwenye kamba ya jirani zilianikwa nepi ndogo nyeupe.

"Hatukuwa na ubao," alisema. "Saruji yote ilidondokea ndani, na juu yake wameshajaza pamba."

Meinir alivua aproni, akamkabidhi Iestyn.

"Vaa kofia yako," alimwambia mumewe. "Utamwambia mwenyewe. Mimi nitakushika mkono tu."