Pati Kwenye Chasi ya Datsun

Mafundi wa bodi wana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawajui kusema "siwezi". Mteja akiuliza gari lake litakuwa tayari lini, fundi atasema Ijumaa, hata kama gari lenyewe limebaki usukani mtupu. Dunstan aliutoa ugonjwa huo Dar es Salaam, akaupandisha ndege, akatua nao Sydney salama salimini. Asubuhi hiyo alikuwa amelala chali chini ya Datsun nyekundu, katika karakana yake ya Granville, na bado hakujua ulikuwa umemfanyia nini.

Gari lilikuwa la rafiki yake Mkenya, marehemu Maxwell. Ni 240Z ya mwaka 1972, milango miwili, pua ndefu, aina ile ile iliyowahi kushinda Safari Rally wakati Maxwell ni mtoto wa Nakuru, anasimama kando ya barabara na kulishwa vumbi kwa furaha. Utu uzimani alipata moja Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, akalipenda kupita kiasi. Alipofariki miaka miwili iliyopita, mkewe Apondi, ambaye ni muuguzi, akawa analiendesha kila Jumapili kwenda kanisani. Wiki mbili zilizopita, akiingia kituo cha mafuta taratibu, aligonga nguzo. Alikuwa peke yake na hakuumia, lakini pua ya gari ilikunjika hadi karibu na mlango.

Watu wa bima walishatoa neno lao: chuma chakavu, waje walichukue likasagwe. Apondi alitakiwa kuwajibu wiki hiyo hiyo, naye akasema hajibu mtu kabla hajamsikia Dunstan.

Tangu gari lishushwe karakanani, Dunstan alikuwa akijiuliza nguzo moja, kwa mwendo wa kutembea, imekunjaje chasi namna ile. Sasa akashika bisibisi, akagonga upande wa kushoto, pale ilipovunjika. Haikulia kama chuma. Akakwangua rangi nyeusi, akakuta pati, ule ujiuji wa kuzibia bodi ukishakauka, nene na ngumu kama ugali uliolala. Akaichokonoa, ikamdondokea kifuani, na nyuma yake ikafuata karatasi iliyofinyangwa. Akaikunjua. Zilikuwa habari za Simba na Yanga.

Katika Sydney nzima, nani mwingine angeziba tundu la kutu kwa gazeti la Dar es Salaam? Gazeti hilo lilifungiwa vikombe vya mkewe, Domina, walipohama Dar. Miaka saba iliyopita, Dunstan akiwa mgeni anayefanyia kazi uani kwa watu, Maxwell alimletea Datsun siku ya Jumatano, akitaka aende nayo harusini mwisho wa wiki. Dawa ya kutu ile ilikuwa kukata chuma chote kilichooza na kuchomelea kipya, kazi ya wiki mbili. Dunstan akasema Ijumaa. Akashindilia gazeti, akapiga pati, akapaka rangi, na Ijumaa Maxwell akaondoka anapiga honi. Dunstan alikusudia kumwambia alirudishe. Kila walipokutana akaona si leo, mpaka jambo lenyewe likamtoka kichwani.

Akatoka chini ya gari, akatupa karatasi kwenye pipa la takataka na kunawa mikono. Aliona aibu, tena aibu ya kutaka kujificha. Na maficho yalikuwepo: neno moja tu, "halifai", na Datsun ingeenda kusagwa na siri yake.

Apondi alifika saa nne, bado amevaa sare ya kazi. Alisimama mlangoni, mbali na gari.

"Karibu, Mama Gift. Pole na kazi."

"Asante, fundi. Sikai, nimetoka night shift. Niambie tu. Ni la kutupa, ama?"

"Wewe ungependaje?"

"Mimi? Wacha liende." Alisema bila kuliangalia. "Maxwell amelichunga miaka hiyo yote, halafu mimi nakuja kulimaliza kwa petrol station. Tangu siku hiyo sijaendesha gari yoyote. Kazini nadunga watu sindano, mikono iko sawa. Nikishika steering inatetemeka. Sema tu halifai, niwapigie insurance leo."

Dunstan alikuwa ametafuniwa, kilichobaki ni kumeza. Akamtazama mama wa watu, amebeba kosa lisilo lake kama mpagazi wa kukodiwa, akashindwa.

"Si wewe," akasema.

"Nini si mimi?"

"Uliyelimaliza si wewe. Nguzo ile ingevunja bampa na taa, basi. Chasi ilikuwa imeoza, dada, na mimi nilijua. Niliziba kwa pati ili nimpe Maxwell Ijumaa. Sikumwambia."

Apondi akakaa juu ya tairi na kulia, na ilionekana wazi kuwa kilio hicho kilikuwa na nafuu ndani yake. Kisha akafuta macho, na nafuu ikageuka hasira.

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Gift anakaa kushoto. Kila Sunday mtoto wangu anakaa hapo! Na wewe unakuja kwangu, unakula chapati zangu, unanyamaza. Hata kwa mazishi ulinyamaza."

"Ndiyo, dada."

Apondi akalisogelea gari kwa mara ya kwanza, akaweka kiganja juu ya boneti iliyokunjamana.

"Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka. Mbele yote ikatwe, iundwe upya. Itachukua miezi mingi."

"Basi insurance watafute chuma kwingine. Lakini hakuna kitu unafunika kabla nikione. Nitakuwa hapa kila Saturday saa mbili, naweka kidole changu kila mahali, ndiyo upake rangi. Na sijakusamehe, Dunstan."

"Najua."

"Leta funguo ya hiyo van yako. Unanipeleka nyumbani."

Dunstan akachukua funguo, akazunguka hadi upande wa dereva. Apondi alikuwa amemtangulia, amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha.

"Nimesema unanipeleka. Sijasema unaendesha. Kaa kushoto."

Akakaa kushoto. Apondi akawasha gari. Mikono yake ilitetemeka mpaka nyumbani kwake Parramatta, lakini hakusimama.