Kwa Nini Mwalimu wa Saba Alifuta Namba

Ni mara chache mtu kusoma habari zake mwenyewe kitabuni, na akizisoma aghalabu huwa si za sifa. Mama Hesabu alizisoma zake jikoni, Jumamosi mchana, mkono mmoja ukikoroga sufuria na mwingine umeshika kitabu cha moduli ya tatu.

Alikuwa amefundisha shule ya msingi muda mrefu mpaka wanafunzi wake wa mwanzo walikwisha ota vipara. Cheti chake kilikuwa cha zamani, cha enzi ambazo mwalimu alipimwa kwa mwandiko na sauti. Sasa waraka ulikuwa umetoka juu: asiye na stashahada, mwaka ukiisha atoke darasani. Basi na uzee wake wote akajiandikisha chuo huria, kile kinachofundisha kwa vitabu na simu, ambako mwanafunzi anaweza kumaliza masomo asijue mwalimu wake ni mrefu au mfupi. Moduli mbili alizivuka. Hii ya Mbinu za Kufundisha ndiyo ilikuwa ya mwisho. Akianguka hapo, ubao aliousimamia nusu ya maisha yake angeuacha kwa mwingine.

Sura ya nne ilianza na kichwa cha habari kilichokolezwa wino: Somo Lililoshindwa. Chini yake waliandika kwamba watafiti wa chuo waliwatazama walimu kumi na wawili wakifundisha, na kwamba majina yao yamefichwa. Huyu aliitwa Mwalimu wa Saba.

"Mwalimu anaandika ubaoni hesabu ya kugawanya idadi ya darasa lake, 37 ÷ 6," kitabu kilisema. "Anasimama kimya. Anafuta 37 bila maelezo yoyote na kuandika 36. Anauliza, 'Inabaki ngapi?' Hakuna mwanafunzi anayejibu. Mwalimu anajijibu mwenyewe, 'Haibaki.' Anawapa wanafunzi mgongo kwa muda mrefu. Kipindi kinaisha bila zoezi."

Sufuria ikaanza kunuka. Mama Hesabu hakuisikia harufu mpaka mumewe, fundi cherehani, alipotoka kwenye mashine yake ukumbini na kuja kuiepua mwenyewe.

"Mama watoto, leo tunakula makaa?"

Macho ya Mama Hesabu yalibaki kwenye ukurasa. Kimawazo alikuwa amerudi darasani, siku ile.

Mama Hesabu alikuwa na mtindo wake wa kufundisha kugawanya, na mtindo huo hakuupata katika moduli yoyote. Darasa lenyewe ndilo lilikuwa hesabu. Aliandika ubaoni idadi ya watoto, halafu watoto wakainuka na kujigawa makundi, wakisukumana na kucheka, na yule aliyebaki bila kundi akasimama mbele pembeni mwa ubao. Mwaka ule walikuwa thelathini na saba, idadi kaidi ajabu. Wagawe kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa sita, daima mmoja anabaki. Na daima aliyebaki alikuwa msichana mmoja mwembamba mwenye pengo la meno, ambaye alikuwa akikimbilia pembeni mwa ubao kabla hata hesabu haijaisha. "Mimi ndiye baki, mwalimu!" Alijivunia cheo hicho. Wenzake wakamwita Baki, hata mama yake naye akazoea.

Kisha homa ikaja Jumatano, na Jumapili wakamzika.

Jumatatu asubuhi gari la watafiti likaegeshwa mbele ya shule. Mama Hesabu alimwomba mwalimu mkuu waje siku nyingine. Mwalimu mkuu akasema gari limetoka mbali, wageni wana shule nyingine mchana, na wewe ndiye fundi wetu, utaniaibisha? Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kutazamwa na kijana mwenye saa mkononi anayetia alama ya vema kila nusu dakika. Kijana alikaa nyuma ya darasa, akatabasamu vizuri, akampa fomu ya ridhaa. Mama Hesabu akatia sahihi. Kipindi kilipoisha kijana akashukuru na kukimbilia gari, na hakuna aliyemuuliza mwalimu neno. Siku ile mazoea ya mkono ndiyo yaliyoandika thelathini na saba kabla akili haijauzuia. Watoto waliiona namba ile. Waliiona ikifutwa pia. Na waliposikia swali la baki, nani kati yao angenyoosha kidole? Akageukia ubao ili wasimwone akilia.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Alihesabu alichokiona.

Mwisho wa sura kulikuwa na swali, na swali hilo peke yake lilibeba alama za kupita au kuanguka: Taja na ueleze makosa matano ya Mwalimu wa Saba.

Jumamosi iliyofuata walimu wanafunzi walikutana kituo cha masomo, chumba cha kukodi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako ukivuta kiti unasikia mabati yakishushwa chini. Mwalimu Sauti, mwenzao mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuhitaji kengele, alikuwa na moduli mkononi.

"Jamani, huyu wa Saba cheti alipewa au alikiokota njiani?" akasema. "Anafuta namba yake mwenyewe! Halafu anajiuliza, anajijibu. Si angebaki nyumbani akafundisha kuku?"

Wakacheka, maana walimu ni watu wa kuchekana, na kazi ile ina machungu mengi yasiyo na dawa nyingine. Mama Hesabu aliinama akajifanya anatafuta kalamu kwenye mkoba. Aliona haya kama mtu aliyekutwa bila nguo, na alikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda.

Alipofika nyumbani akapiga moyo konde, akaandika ukweli. Aliandika kwamba Mwalimu wa Saba hakukosea hesabu. Aliandika juu ya Baki, pengo la meno, pembeni mwa ubao, kaburi la Jumapili. Aliandika kurasa nyingi kwa mwandiko wake mzuri wa kizamani, akatuma.

Kazi ikarudi na sifuri. Mkufunzi alikuwa ameandika kwa upole: "Insha inagusa moyo, lakini hujajibu swali. Maelezo haya hayamo kwenye kielelezo. Una nafasi moja ya kurudia."

Akapiga simu chuoni. Alizungushwa kutoka meza hii hadi ile, akisikilizishwa muziki katikati, mpaka akafika idara ya utafiti, ambako sauti ya kijana ilimpokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Mwalimu wa Saba."

"Samahani, mama, hilo siwezi kulithibitisha. Orodha ya majina iliteketezwa utafiti ulipokwisha. Ndivyo sheria inavyotaka, ili walimu walindwe."

"Walindwe dhidi ya nani?"

"Dhidi ya watu watakaosoma, mama. Wasije wakawacheka."

"Lakini wananicheka, mwanangu! Wananicheka na mimi nimekaa nao!"

"Hawajui kama ni wewe, mama."

"Basi niandikieni mstari mmoja tu, kwamba siku ile darasa lilikuwa na msiba. Mniulize, niwaeleze. Ninyi si watafiti?"

"Utafiti ule umefungwa, mama. Na kitabu kimeshachapishwa, kimeshasambazwa nchi nzima." Kijana akashusha pumzi, na ilisikika kuwa alikuwa anaumia kweli. "Pole sana. Ningekuwa na la kufanya ningefanya."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mama Hesabu aliendelea kushika simu muda baada ya kijana kukata.

Likabaki tumaini la mkufunzi, yule anayesahihisha. Alimvizia kituoni mapema, kabla wenzake hawajafika. Alikuwa mwanamume mtaratibu, shati lake limepauka kola, bunda la karatasi za wanafunzi limejaa meza. Mama Hesabu alimsimulia yote akiwa amesimama, mithili ya mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mkufunzi alivua miwani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akatazama dirishani, akasema:

"Nakuamini, mwalimu wangu."

Moyo wa Mama Hesabu ukaruka.

"Nakuamini, na sina cha kukusaidia. Tazama." Akavuta karatasi chini ya bunda. Ilikuwa mwongozo wa usahihishaji. Makosa matano yalikuwa yamepangwa pale, kila moja na alama zake. "Mimi natafuta haya. Nikiyakosa siwezi kutoa alama. Nikitoa kwa huruma, yule anayenikagua mimi ataona, na kituo kizima kitasahihishwa upya. Wenzako wote wataingia hasarani."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Jibu swali, mama. Tafadhali jibu swali. Watoto wako wanakuhitaji darasani kuliko wanavyohitaji ukweli wa kitabu hiki."

Alisema kwa nia njema, na ndiyo iliyomkata maini zaidi. Angekuwa na adui angalau angemtukana.

Jioni mumewe alimkuta na karatasi tupu. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, mdomo wake ulizoea kushika pini.

"Funika kombe, mwanaharamu apite," alimwambia. "Andika wanachotaka. Wewe unajua, mimi najua, na mama yake Baki anajua. Kwani Baki anasoma moduli?"

"Nikiandika, nitakuwa nimesema kwa mkono wangu."

"Usipoandika, darasa lako litachukuliwa na kijana atakayewafundisha kugawanya kwa kuchora vijiti." Akamwekea mkono begani. "Andika, mama watoto."

Akaandika shingo upande. Kosa la kwanza, mwalimu hakuwa na maandalizi. La pili, aliuliza swali na kujijibu. La tatu, aliwapa wanafunzi mgongo. La nne, hakutoa zoezi. Haya yalimtoka kwa urahisi kuliko alivyodhani, maana alikuwa mwalimu, na mwalimu anajua namna ya kuandika jibu linalotakiwa. Alikumbuka hata vitu ambavyo kijana wa saa hakuviona, jinsi chaki ilivyokatika, jinsi watoto walivyotazama viatu vyao, akaviongeza, kwa sababu vilikuwa kweli.

La tano lilimshinda. Alijua mwongozo unataka nini, aliuona kwa macho yake mezani pale. Aliinuka, akanywa maji, akafagia ukumbi uliokwisha fagiwa. Akarudi akaandika upesi, macho pembeni, mithili ya mtu anayechinja kuku wake wa kufuga. Akaifunga bahasha kabla hajabadili nia.

Matokeo yalikuja mwisho wa muhula. Alikuwa amepita, tena kwa alama za juu kuliko kituo kizima. Mkaguzi wa chuo, mtu ambaye hata mkufunzi hakumjua sura, alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Hongera. Umemwelewa mwalimu huyu kana kwamba ulikuwa darasani mwake."

Na hawakuishia hapo. Chuo kiliomba ruhusa ya kulichapa jibu lake kwenye toleo jipya la moduli, kama jibu la mfano. Mkufunzi alimletea fomu ya ridhaa bila kumtazama usoni.

"Hulazimiki," alisema chini kwa chini. "Ila cheti chako hakijapigwa muhuri bado, na wao huko juu wanapenda mtu mwenye ushirikiano. Jina lako halitatajwa, bila shaka."

"Bila shaka," akasema Mama Hesabu, akatia sahihi. Ilikuwa sahihi ile ile ya siku ile, hata mkia wake haukubadilika.

Siku ya mwisho kituoni walimpigia makofi. Mwalimu Sauti alidai jibu la bingwa lisomwe, na nani mwingine wa kulisoma ila yeye? Akapanda juu ya kiti. Alisoma kosa la kwanza hadi la nne kwa madaha, wenzake wakiitikia, na chini dukani mafundi wakaacha mabati wasikilize. Mama Hesabu alikaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Alitamani paa lianguke, au mvua inyeshe, au mtu ampigie simu. Hakuna kilichotokea.

Kwenye kosa la tano Mwalimu Sauti alishusha sauti, maana alijua pa kuchekesha.

"Mwalimu huyu," akasoma, "hakujua idadi ya wanafunzi wake mwenyewe."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Jirani yake akampiga begani, machozi yakimtiririka. "Umemmaliza, mama! Huyo umemmaliza kabisa!"

Mama Hesabu alifungua mdomo. Alitaka kuwaambia kwamba walikuwa thelathini na saba, kwamba kila asubuhi aliwahesabu kwa macho kabla ya kusema neno, na kwamba anaweza kuwataja mpaka leo mmoja mmoja, wote, hata yule wa pembeni mwa ubao. Nyuso zote zilikuwa zimemgeukia, zimejaa furaha kwa ajili yake, zikingoja.

Akacheka nao.