Kilio Kisicho na Maiti

Watu wa mtaa wa Kampemba wanajua namna moja tu ya kukusanya vitu: namna ya kilio. Hema linafungwa langoni, viti vya kuazima vinapangwa kando ya njia, wanawake wanakaa chini kwenye mikeka, na beseni linafunikwa kitambaa cheupe ili kila mtu aweke alichonacho bila wenzake kuona ni kidogo. Kwa hiyo mkubwa wa avenii, kiongozi wa barabara yao, Papa Rigobert, alipotangaza kwamba watakusanya chakula cha kuwapelekea askari walio vitani kule mashariki, hakuna aliyeuliza itafanyika vipi. Ilibaki kuchagua lango tu. Akachagua la Mama Dieumerci, kwa sababu mwanawe wa pekee alikuwa huko vitani, na Papa Rigobert aliona hiyo ni heshima.

Heshima gani hiyo, jamani? Mama Dieumerci hakuitaka. Tangu mtoto avae magwanda, usingizi ulikuwa umemhama. Redio ilisema kila asubuhi kwamba Serikali imeongeza feza za vita, lakini Dieumerci akipiga simu, anaomba sabuni. Kufungiwa hema la kilio mtoto angali hai aliona ni kuita mkosi. Alikubali tu kwa kuwa alifikiri, nani ajuaye, labda unga kidogo katika huu utafika mikononi mwa mtoto wake. Basi akakaa mkekani na wenzake, akapokea unga, chumvi na samaki wakavu wa makayabu, akijilazimisha kucheka.

Mchana, jua likiwa kali, akatokea Benita, wifi yake anayekaa Makomeno. Alishuka kwenye pikipiki akilia, mikono kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni kama wafiwa. Mama Dieumerci alijua papo hapo: mtoto amekufa, wamempigia Benita kwanza, wameogopa kuniambia mimi.

Benita alipomwona, kilio kikamkatika mdomoni. Akaja kumshika uso kwa mikono yote miwili.

"Kumbe uko muzima?"

Mambo yakaeleweka polepole. Mwenye pikipiki alikuwa amepita pale asubuhi, ameona hema na beseni, akaenda kumwambia Benita kuna kilio kwa wifi yake. Na katika nyumba ile anaishi mtu mmoja tu, nani mwingine wa kufa? Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Papa Rigobert akamtania Benita kwamba kwa kuwa ameshalia, sasa aweke kitu katika beseni. Mama Dieumerci naye akaanza kucheka, hadi alipoona Benita hacheki.

Benita huyu mdomo wake hauna breki, kila mtu anajua. Alikiri kwa sauti ya chini kwamba kabla ya kupanda pikipiki alikuwa amemtumia Dieumerci ujumbe wa sauti. Alimwambia mama yake ametutoka, avumilie kiume. Na simu ilionyesha kwamba mtoto ameshausikiliza.

Mama Dieumerci akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani. Mtoto yuko vitani, ana bunduki, na ameambiwa hana mama, atafanya nini? Benita aliomba msamaha mpaka akaambiwa anyamaze. Mchana wote ule Mama Dieumerci hakujua nani ameleta nini.

Jioni, wakingoja lori la kuchukua vitu, simu ikalia. Namba hakuijua. Akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Niko muzima. Benita alikosea."

Dieumerci akalia, naye akamwacha alie. Lakini nyuma ya kilio kile alisikia magari yakipita na watu wakiuza ndizi. Akamuuliza yuko wapi.

"Niko ku barabara. Niliomba ruhusa ya kuja kukuzika, bakakatala. Nikatoka. Bunduki nimeiacha ku kambi."

Wanaokimbia vita wanahukumiwa kufa, alikuwa amesikia redioni, katika habari zile zile za feza. Mwili wake wote ulitaka kumwambia aje. Ndilo jambo alilokuwa akimwomba Mungu kila siku. Lakini wakimtafuta, wataanza hapa hapa, kwa mama yake.

"Rudia," alisema. "Rudia ku kambi sasa, mbele ya giza kuingia. Sema ulipotea njia."

"Mama, naogopa."

"Hata mi naogopa. Rudia, mwanangu."

Simu ikakatika.

Alipotoka nje wanawake walikuwa wamesimama wote, Benita mbele yao. Wakamuuliza mtoto amesema nini.

"Anasema aksanti," akawajibu. "Anasema chakula ifike mbio."

Wakapiga vigelegele mpaka avenii ya pili ikasikia. Lori lilipofika, Mama Dieumerci alisaidia kupakia magunia akilia, na watu wakasema ni furaha.