Mita Mia Mbili Zilizobaki

Sindano ndefu ya chuma iliingia mchangani kwa mshazari, ikatoka. Ikaingia tena, upana wa vidole viwili kando. Tangu alfajiri Evaristo Chaverra alikuwa amelala kifudifudi juu ya barabara moja ya Yemeni, jasho likimchuruzika ndani ya kofia ya chuma. Nyuma yake vigingi vitatu vyekundu vilionyesha pale alipofukua mabomu matatu.

"Chaverra! Inuka, mzee, tumemaliza."

Ilikuwa sauti ya Meja Lozano. Jeshini, kwao Kolombia, alikuwa kamanda wake. Sasa, wote wakiwa wastaafu, alikuwa bosi wake katika kampuni ya askari wa kukodiwa. Mkononi alishika karatasi na kalamu.

"Bado mita mia mbili, Meja."

"Magari ya wateja yanapita saa sita. Barabara isipofunguliwa leo, kampuni hailipwi. Tia sahihi kwamba ni safi, ukanywe kahawa."

"Sijaigusa. Nitasemaje ni safi?"

"Kwani waliotega walikuwa na mabomu ya kumwaga? Matatu yanatosha."

Evaristo alipiga magoti, akajifuta macho. Nyuma ya utepe uliofunga njia, gari la maji lilikuwa likinguruma. Dereva wake, Faraj, alikuwa mwenyeji wa kijiji kilichokuwa mbele ya hizo mita mia mbili, na siku ya nne ile kijiji hakikuwa na maji. Alitoa kichwa dirishani, akainua dole gumba kama anayeuliza: safi?

Evaristo alitikisa kichwa. Faraj akapiga honi kwa hasira.

"Unaona? Hata wenyewe wamechoka." Meja alisogea, akashusha sauti. "Usinitie aibu. Nikiuchana mkataba wako, utarudi kwenu Quibdó na nini? Utaogelea?"

"El Tambillo pia tulitia sahihi, Meja."

El Tambillo ilikuwa njia ya nyumbu, milimani kwao, miaka kumi na mmoja nyuma. Amri ilikuwa ya Meja. Sahihi, ya Evaristo. Siku ya pili mwalimu wa shule alipita, na kilichorudishwa kwa mama yake kilienea ndani ya gunia la kahawa.

"Ile ilikuwa vita," Meja alisema.

"Na hii?"

"Hii ni kazi."

"Basi tutembee. Mimi na wewe, bega kwa bega, mpaka mwisho. Tukifika natia sahihi."

Meja alicheka, akawageukia walinzi wa kampuni waliokuwa wakiwatazama. Akampita Evaristo, akaingia kwenye mchanga ambao haujapimwa. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu, mguu ukabaki hewani kama wa kuku, kisha ukarudi taratibu, ukatafuta alama ya kiatu chake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Uso ulimwiva.

"Yeison! Njoo utie sahihi wewe."

Yeison, mtegua mabomu mwenzake, alikuja kichwa chini. "Nisamehe, ndugu yangu," alinong'ona. "Nina wawili shuleni." Akasaini bila kusoma.

"Chaverra, kuanzia dakika hii huna kazi. Toka barabarani."

Evaristo alilala tena kifudifudi, katikati kabisa ya njia, pasipo nafasi ya gurudumu kupita.

"Mtoeni!"

Walinzi walitazamana. Nani angepigana mwereka pale?

Sindano iligonga kitu kigumu. Evaristo akafagia kwa brashi, punje kwa punje, hadi ukingo wa bati ukang'aa: kopo la dagaa. Mlinzi mmoja alipasua kicheko, kicheko cha woga. Evaristo aliliweka kopo kando, akasogea mbele upana wa kiganja.

Honi ililia tena, ndefu, ikakatika. Injini ikazimwa. Faraj alishuka, akavua shali kichwani, akaitandika kwenye kivuli cha gurudumu, akaketi kumtazama. Mbali kule, vumbi la magari ya wateja lilikuwa limeanza kupanda.